Kadi, Bunduki na Nyumba ya Mama

Maji ya bamvua yanapokupwa katika pwani ya Msimbati, upande wa Tanzania, hukupwa vilevile Kionga na Palma, upande wa Msumbiji. Saa ile ile wanawake wa pande zote mbili hujifunga kanga viunoni, wakachukua vijiti na vikapu, wakashuka mwambani kusaka pweza na kuokota chaza. Lugha zao zinasikilizana: Kiswahili, Kimwani, Kimakonde. Huoleana, na aliyefiwa Kionga huliliwa Msimbati. Mpaka uliopo kati yao ni wa juzi. Kionga ilikuwa mikononi mwa Wajerumani tangu 1894 hadi Wareno walipoitwaa mwaka 1916, na Ghuba ya Tungi, uliko mji wa Palma, ilikuwa chini ya Sultani wa Unguja mpaka Wareno walipoiteka mwaka 1887. Katika kugawana huko hakuna mwenyeji aliyeulizwa, sembuse mwanamke.

Pamoja na udugu huo, harakati za wanawake zilipita njia mbili mbalimbali kaskazini na kusini ya mto Ruvuma. Kaskazini zilianza na ngoma na kadi ya chama. Kusini zilianza na mzigo wa risasi kichwani. Mara nyingi husemwa barazani kwamba mwanamke aliyeshika bunduki lazima amefika mbali kuliko yule aliyeshika kadi. Kauli hiyo ni tamu kusikia, lakini haijapimwa.

Chama cha TANU kilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954, hakikuwa na wanawake wa kutosha hata kujaza chumba. Mwaka uliofuata wakuu wake walimwendea Bibi Titi Mohamed wa Dar es Salaam, mwanamke aliyezaliwa mwaka 1926, mwenye elimu ndogo ya shule lakini mwenye sauti iliyojulikana mjini kote, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akiongoza uimbaji katika kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Bibi huyo hakuanza kwa kuhutubia. Aliwaendea viongozi wa vikundi vya lelemama, mmoja baada ya mwingine, akawaeleza kwa lugha ya nyumbani habari ya uhuru. Kila kiongozi wa ngoma alikuwa na watu wake, na watu wake walimwamini. Mnamo Oktoba 1955 wanawake wapatao 5,000 walikuwa wamekwisha kuandikishwa.

Sababu moja ya ushindi huo haitajwi sana. Serikali ya kikoloni ilikuwa imewapiga marufuku watumishi wake kujiunga na TANU. Karani, mwalimu na mganga wa serikali waliogopa kupoteza mshahara, wakakaa kimya au wakachangia kwa siri (na katika jambo hili watumishi wa serikali hawana mengi ya kujivunia). Mwanamke anayekaanga vitumbua kibarazani hakuwa na mshahara wa kunyang'anywa. Wengi wa wale wa kwanza walikuwa Waislamu wa makamo, wengine wamekwisha kuachika, na riziki yao waliitafuta kwa mikono yao. Walikuwa huru kabla ya uhuru, kwa kadiri ndogo waliyokuwa nayo, na kadiri hiyo ndogo ndiyo waliyoiweka rehani kwa ajili ya nchi. Umoja wa Wanawake, UWT, ulipoundwa mwaka 1962, Bibi Titi ndiye aliyekuwa mwenyekiti wake wa kwanza.

Sasa msomaji avuke mto. Kule Cabo Delgado hapakuwa na kadi ya kuuza, kwa sababu Mreno hakuruhusu chama chochote cha wananchi. Mkoloni huyo aliwalazimisha wananchi kulima pamba tangu mwaka 1938 hadi 1961, na wanaume wengi wa uwanda wa Mueda walikimbilia mashamba ya mkonge ya Tanganyika. Waliobaki na jembe, na pamba, na watoto, na msimamizi aliyepita kukagua mistari ya shamba, ni wanawake. Tarehe 16 Juni 1960 watu walikusanyika mbele ya ofisi ya mtawala huko Mueda, wakapigwa risasi. Baada ya siku hiyo haikuwezekana tena kumweleza mtu kwamba uhuru ungepatikana kwa kuimba.

Frelimo iliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, na vita vikaanza rasmi huko Chai, Cabo Delgado, tarehe 25 Septemba 1964. Tangu mwanzo wanawake walikuwamo, ila hawakuitwa wapiganaji. Waliwapikia wapiganaji, wakawaficha, wakawapelekea habari, wakabeba kichwani makombora na masanduku ya risasi kutoka mpakani kwa mwendo wa siku nyingi porini. Askari anayesoma maneno haya anajua uzito wa sanduku la risasi. Na ajue kwamba wengi wa wabebaji hao walikuwa na mtoto mgongoni.

Mwaka 1966 Kamati Kuu ya Frelimo iliamua kwamba wanawake wapewe mafunzo ya kisiasa na ya kijeshi. Mwaka 1967 wanawake 25 walianza mafunzo katika kambi ya Nachingwea, katika ardhi ya Tanzania, na hicho ndicho kilichokuja kuitwa Kikosi cha Wanawake. Miongoni mwao alikuwamo Marina Pachinuapa, mwenyeji wa Cabo Delgado, na Josina Muthemba kutoka kusini ya mbali, mkoa wa Inhambane, ambaye baadaye aliolewa na Samora Machel. Katika waliofuata walikuwamo wasichana wadogo waliotoka vijijini moja kwa moja, ambao katika nchi ya amani wangekuwa bado shuleni.

Kikosi hicho hakikupokelewa kwa nderemo. Wazee walinung'unika kwamba binti asiyelala kwao hataolewa. Ndani ya chama chenyewe ulikuwapo mgogoro, na Lázaro Nkavandame, aliyekuwa mwenyekiti wa mkoa wa Cabo Delgado kabla ya kwenda kwa Wareno mwaka 1969, alishutumiwa na wenzake kwa mambo mengi, mojawapo likiwa kuwapinga wanawake hao. Lakini mabinti walipoingia kijijini na bunduki begani, wakasimama mbele ya wanaume na kueleza sababu ya vita, vijana waliokuwa wakijificha waliona haya. Kazi hiyo ya kuwatia watu haya haikuandikwa katika amri yoyote ya kijeshi, nayo huenda ilileta askari wapya kuliko mkutano wowote.

Josina alikuwa amejaribu kutoroka nchini mwake mwaka 1964, akakamatwa njiani na kurudishwa. Akajaribu tena, akafika Dar es Salaam mwaka 1965. Alipopewa nafasi ya kwenda kusoma Uswisi alikataa, akabaki vitani. Tangu mwaka 1969 aliongoza idara ya ustawi wa jamii, akisimamia vituo vya kulelea watoto yatima na watoto wa wapiganaji katika maeneo yaliyokombolewa. Mapema mwaka 1971 alikuwa Cabo Delgado, akitembea kwa miguu, naye tayari mgonjwa. Alifariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 1971, akiwa na umri wa miaka 25, akaacha mtoto mchanga wa kiume. Tarehe hiyo ndiyo Siku ya Mwanamke wa Msumbiji.

Siku 24 baada ya kifo hicho, katika nchi ile ile alimofia, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilianza kutumika. Waraka wa serikali uliotangulia sheria hiyo, wa mwaka 1969, ulikuwa umezusha ubishi mkubwa misikitini, makanisani na Bungeni, na wanaume walioimba uhuru kwa sauti kubwa waligeuka kuwa wakali walipoguswa nyumbani. Hata hivyo sheria ilipita. Ilisema kwamba mwanamke aliyeolewa ana haki ya kumiliki mali kama mwanamume. Kwamba mke anaweza kuweka pingamizi mumewe anapotaka kuoa mwingine. Kwamba hakuna mume mwenye haki ya kumchapa mkewe. Hilo la mwisho askari wa Polisi wanalifahamu, au inawapasa kulifahamu, kwa maana wapo mpaka leo wanaomwambia mama aliyevimba uso arudi nyumbani wakayamalize. Sheria hiyo ilikuwa na kasoro yake: iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15, na kwa kibali cha mahakama hata 14.

Basi mwaka huo mmoja wa 1971 unatoa picha ya njia zote mbili. Mwanamke wa Tanzania alikuwa na sheria iliyochapwa, ingawa wengi vijijini hawakuijua. Mwanamke wa Cabo Delgado katika maeneo yaliyokombolewa hakuwa na sheria iliyochapwa, bali alikuwa na desturi mpya iliyosimamiwa na wenye bunduki: wasichana wadogo wasiozwe, kiongozi asioe wake wengi, mwanamke aketi katika kamati. Amri ya mwenye bunduki hutiiwa haraka. Lakini bunduki ikiwekwa chini hurudi ghalani, na desturi mpya huachwa mlangoni ikingoja nani ataitetea.

Tarehe 16 Machi 1973 Umoja wa Wanawake wa Msumbiji, OMM, ulizaliwa Tunduru, tena katika ardhi ya Tanzania. Samora Machel alitoa hapo hotuba iliyosikika mbali, akisema kwamba ukombozi wa mwanamke si sadaka ya mwanamume mwema, ni sharti la mapinduzi yenyewe. Maneno hayo yalikuwa makubwa kuliko yaliyosemwa na viongozi wengi wa kiume wa wakati ule, popote duniani. Yafaa pia kukumbuka kwamba aliyeyasema ni mwanamume, katika mkutano wa wanawake. Upande wa Tanzania nako mambo hayakuwa tofauti sana: UWT ilikuwa jumuiya ya chama, na njia yake ilichorwa na chama. Bibi Titi mwenyewe alikuwa amekwisha kutoka katika uongozi. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilipokataza viongozi kupangisha nyumba, yeye, aliyekuwa na nyumba za kupangisha, aliachia ngazi. Baadaye alishtakiwa kwa uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, akaachiliwa mwaka 1972. Yapasa kutua kidogo katika habari ya zile nyumba. Kwa mwanamke wa pwani, aliyeachika mara moja au mbili, chumba cha kupangisha si ubepari. Ni uzee wake.

Hapa ndipo hesabu ya kadi na bunduki inapoanza kugeuka, kwa sababu mwanamke wa Palma na Mocímboa da Praia, kama dada yake wa Msimbati, hakuwa mtu mtupu aliyekaa akingoja kukombolewa. Kwa Wamakonde na Wamakua wa pande zote mbili mtoto ni wa ukoo wa mama, na shamba hufuata njia hiyo hiyo. Katika sehemu nyingi mume ndiye aliyehamia kwa wakwe. Ndoa ikivunjika ndiye aliyekunja mkeka wake akaondoka. Pwani Uislamu ulileta mirathi ya mwanamume mafungu mawili na mwanamke fungu moja, lakini haukuufuta ukoo wa mama, na sheria hizo mbili ziliishi chini ya paa moja kwa ugomvi mdogo kuliko unavyodhaniwa. Si kwamba mwanamke alitawala: mwenye neno la mwisho alikuwa mjomba. Lakini alikuwa na mahali pa kurudi.

Harakati za pande zote mbili hazikuliona jambo hili. Uongozi wa OMM ulitoka zaidi katika familia za kusini, ambako mwanamume hulipa lobolo kwa ajili ya mke na mke huhamia kwao, na vita dhidi ya lobolo vilikuwa vita vyao vya haki. Ujumbe huo ulipofika kaskazini, wanawake walisikiliza kwa adabu: hawakuwa na lobolo ya kukomeshwa. Walichokuwa nacho ni unyago, na unyago nao ulipigwa vita kama ujinga wa kale. Katika mkutano mkuu maalumu wa OMM wa Novemba 1984 mila hizi zilijadiliwa kwa kirefu, na bado unyago ulihesabiwa pamoja na mambo ya kuondolewa. Kwa makungwi wa kaskazini hilo lilikuwa fumbo. Mahali pekee ambapo wanawake walikutana bila mwanamume kuwasimamia, wakafundishana, wakasutana, wakacheka, ndipo palipotakiwa kufungwa kwa jina la ukombozi wao. Hapana shaka unyago una mambo yanayostahili kuachwa, na kumtia binti mdogo katika habari za unyumba ni mojawapo. Lakini Bibi Titi aliichukua ngoma kama ilivyo akaitia ndani ya siasa, na kule siasa ilikuja kuiamuru ngoma inyamaze. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko tofauti ya kadi na bunduki.

Lugha nayo ilichangia. Vitani wapiganaji wengi wa kaskazini walizungumza Kiswahili. Baada ya uhuru wa tarehe 25 Juni 1975 lugha ya ofisi na mkutano ikawa Kireno, na mama wa Kimwani ambaye hakusoma aliketi nyuma akingoja kutafsiriwa. Mwenzake wa Mtwara, hata asiyejua kusoma, aliisikia hotuba ya UWT redioni kwa lugha aliyoielewa, akaweza kuipinga.

Ajabu ni kwamba katika kuwanyang'anya, nchi zote mbili zilifanana. Vijiji vya ujamaa vya Tanzania, watu walipohamishwa kwa wingi kati ya 1973 na 1976, na vijiji vya pamoja vya Msumbiji vilivyofuata, viliandika kaya kwa jina la mume. Hakuna aliyekusudia ubaya. Karani alikuja na daftari lenye safu ya mkuu wa kaya, akauliza nani mwanamume wa nyumba hii, akaandika. Kwa mstari mmoja wa kalamu, shamba lililotoka kwa bibi kwenda kwa mama na kwa binti lilipata mwenyewe mpya. Wanawake waliokuwa wamebeba makombora nao waliandikwa chini ya waume zao, kwa kuwa wengi wa Kikosi cha Wanawake walikuwa wamekwisha kurudi uraiani.

Sheria zilichukua miaka kurudisha sehemu ya kilichopotea. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Seifu, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Wanasheria wanaijua, wake wengi hawaijui. Sheria za ardhi za Tanzania za mwaka 1999 zilimpa mwanamke haki sawa ya ardhi na mwanamume. Msumbiji ilikuwa imefanya hivyo mwaka 1997, na mwaka 2004 ikapata sheria ya familia iliyomwondolea mume cheo cha mkuu wa nyumba: miaka 33 baada ya sheria ya ndoa ya jirani yake. Kisha, mwezi Oktoba 2019, nchi zote mbili zilikutana tena. Msumbiji ilitunga sheria dhidi ya ndoa za watoto, na mwezi huo huo Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilithibitisha, katika kesi iliyofunguliwa na Rebeca Gyumi, kwamba vifungu vya mwaka 1971 vya kumwoza msichana wa miaka 15 vinapingana na Katiba.

Lakini katika Oktoba hiyo ya 2019 wanawake wa pwani ya Cabo Delgado hawakuwa na nafasi ya kusoma magazeti. Vita vipya vilikuwa vimeanza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017. Mwezi Agosti 2020 mji huo ulitekwa. Tarehe 24 Machi 2021 Palma ilishambuliwa. Na moto huo ulivuka mto pia, kwani Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara, kilivamiwa. Wasichana walitekwa na kugeuzwa wake kwa nguvu. Watu mamia ya maelfu waliyakimbia makazi yao, wengi wakiwa mama na watoto. Mocímboa da Praia ilikombolewa Agosti 2021 na majeshi ya Msumbiji na Rwanda, na askari wa Tanzania walikuwamo katika jeshi la nchi za SADC lililokuwa Cabo Delgado kuanzia mwaka huo hadi 2024. Baadhi ya wasomaji wa ukurasa huu walikuwako, au waliwasubiri walioko. Wameona kwa macho yao nani anayerudi kwanza katika mji uliochomwa: ni mwanamke mwenye ndoo na furushi, aliyekuja kutazama kama ukuta bado umesimama.

Mwanamke huyo hana hati. Kama alikuwa nayo, iliungua. Mume huenda amekufa, au hajulikani aliko, na ndugu wa mume huenda wamefika kabla yake. Daftari la kaya, lile lenye jina la mume, lilikuwa katika ofisi ambayo haina tena paa. Ila sheria ya ardhi ya Msumbiji ya mwaka 1997 ina kifungu kinachosema kwamba haki ya ardhi inaweza kuthibitishwa kwa ushahidi wa mdomo wa wanajamii, wanaume na wanawake. Kwa hiyo anapoketi mbele ya wapimaji, anachohitaji ni wazee wawili watatu wanaokumbuka kwamba mkorosho ule ulipandwa na bibi yake, na kwamba kisima kile ni cha mama yake. Makungwi waliomcheza unyago wanakumbuka. Ndio wanaojua ukoo wa kila binti wa mtaa, kwa majina, mpaka kizazi cha nne. Wengine wao wako bado kambini Pemba na Metuge, wakingoja nauli ya kurudi kutoa ushahidi.